Sifuri ya Mashoto

Kocha wa timu ya kiwanda cha sabuni alikuwa na daftari, na kwa maoni yake daftari hilo lilikuwa na akili kuliko wachezaji wake wote kumi na wawili ukiwajumlisha. Maoni hayo hakuyaficha. Kazini alikuwa mkaguzi wa ubora: kutwa nzima amekaa nyuma ya mzani, anapima vipande vya sabuni, na kipande kikipungua gramu mbili tu kinakwenda kwenye pipa la kuyeyushwa upya, hakitazamwi mara ya pili. Saa kumi jioni alivua koti jeupe, akavaa kofia ya ukocha, akaendelea na kazi ileile, safari hii kwa binadamu.

Mashoto alifanya kazi hatua ishirini kutoka kwenye mzani huo, kwenye mashine ya kukata. Jina hilo alipewa siku ya kwanza kazini. Mpini wa mashine ulikuwa upande wa kulia, maana aliyeitengeneza bila shaka hakuwahi kufikiri kwamba duniani kuna watu wanaotumia mkono wa kushoto. Mashoto hakulalamika. Alihamia upande wa nyuma wa mashine, akawa anakata kinyumenyume, na mwezi haujaisha akawa anatoa vipande vingi kuliko wote waliomtangulia. Wakubwa walikuja wakamtazama, wakatikisa vichwa, wakaenda zao. Sabuni ilikuwa inatoka, basi nani ahangaike na mkono.

Kwenye besiboli ndiko walikohangaika na mkono.

Viwanda vya mji ule vilikuwa na ligi yao, kila Jumamosi, kwenye uwanja wa nyuma ya maghala: mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa rungu, kisha anakimbia vituo vitatu hadi arudi alipoanzia. Msimu wa kwanza Mashoto alicheza mechi zote, na alipopiga mpira, walinzi wa ghala walijua wajiandae kwenda kuutafuta juu ya paa. Kisha kocha akapata kitabu. Alikipata wapi hakuna aliyejua, lakini kilikuwa kinene, kimejaa majedwali, naye akakisoma kwa mwezi mzima huku chai ikimpoa mbele yake. Alipokimaliza hakuwa mtu yule tena. Alikuwa amejua siri, na mtu aliyejua siri hana simile.

Siri yenyewe ilikuwa hii. Mpigaji wa mkono wa kushoto huwapiga vizuri warushaji wa mkono wa kulia, kwa sababu mpira wao humjia kana kwamba umetumwa kwake. Lakini mrushaji akiwa wa kushoto kama yeye, mpira hutokea nyuma ya bega lake, halafu unapinda na kumkimbia, na wapigaji wengi hapo huishia kupiga hewa. Kwa hiyo makocha wajanja huweka watu wawili kwenye nafasi moja: akirusha wa kulia, anapiga wa kushoto, akirusha wa kushoto, anapiga wa kulia. Tusimsingizie kocha, jambo hilo lina ukweli wake. Ila kitabu kilisema wapigaji wengi, yeye akasoma wapigaji wote, kisha akakifunga.

Tangu siku hiyo, kila timu pinzani ilipoleta mrushaji wa kushoto, Mashoto alikaa kwenye benchi na kupewa ndoo ya maji na kikombe, awagawie wenzake. Nafasi yake ilichukuliwa na shemeji yake kocha, kijana wa idara ya kufungasha, mtu wa mkono wa kulia, mpole, mcheshi, mwenye kila sifa isipokuwa moja. Alipokuwa na rungu mkononi alionekana kama mtu anayefukuza nyuki. Lakini alikuwa anafukuza nyuki kwa mkono wa kulia, na daftari lilikuwa limeridhika.

Kila mwisho wa mwezi kocha alibandika karatasi kwenye ubao wa kantini, majina upande mmoja, tarakimu upande mwingine. Kwenye safu ya warushaji wa kushoto, mbele ya jina la Mashoto, paliandikwa sifuri. Mwezi wa kwanza Mashoto alidhani ni makosa ya kalamu. Mwezi wa pili akaona si kalamu. Mwezi wa tatu akamfuata kocha pale kwenye mzani, akasimama mpaka kipande alichokuwa anapima kikatupwa pipani.

"Kocha, ile sifuri nimeipataje?"

"Kwa kutopiga."

"Sijapiga kwa sababu hujanipanga."

"Na sikupangi kwa sababu ya hiyo sifuri," kocha akasema, kwa upole wa mtu anayemweleza mwenzake kwamba leo ni Jumatano.

Mashoto alirudi kwenye mashine akiwa amefura. Alikata kwa hasira mchana wote, na vipande vinane vilikataliwa kwa kupungua uzito. Kocha akaviandika navyo.

Pengine angelimeza hilo. Watu humeza makubwa zaidi kazini, wakanawa mikono wakaenda nyumbani. Shida ilikuwa nyumbani kwenyewe, na shida hiyo ilikuwa mama yake.

Mama alikuwa anaishi naye katika vyumba viwili karibu na kiwanda. Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye macho makali na mkono wa kushoto uliokuwa na sifa mtaani. Watoto wake alikuwa amewalea kwa kandambili. Hakuwakimbiza; alikuwa na kazi nyingi mno za kukimbizana na mtu. Alisimama mlangoni pa jiko, akavua kandambili moja, akaituma. Na haikwenda moja kwa moja: ilitokea nyuma ya bega, ikapinda kwenye kona ya kabati, ikakupata. Dada yake Mashoto alijifunza kulala chini. Mashoto alijifunza kuwa na mwiko au ufagio karibu, na alipofika miaka kumi alikuwa na uwezo wa kuirudisha kandambili hadi uani. Hapo mama alikuwa anatuma ya pili.

Mama huyu alikuja uwanjani mara tatu. Alivaa nguo nzuri, akabeba mwavuli na mkoba, akakaa safu ya tatu. Mara zote tatu wapinzani walileta mrushaji wa kushoto. Mara zote tatu alimwona mwanawe akitembea na ndoo, akichota, akigawa, akipangusa kikombe. Jioni ya siku ya tatu alimweka kitako. Alimwambia kazi ya maji nayo ni kazi, tena ya baraka, na mtu hana haja ya kuona haya. Ila asimdanganye kwamba anacheza, yeye aliyemzaa. Mashoto alieleza habari ya mikono na daftari kwa nusu saa. Mama alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia uongo mrefu hivyo hajausikia tangu enzi za marehemu baba yake.

Majirani nao wakajua. Mama hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anawaambia kwa fahari kabisa kwamba mwanawe ndiye mkubwa wa maji kwenye besiboli. Mashoto akipita dirishani anasikia, na roho inamsinyaa.

Sasa dada yake alikuwa amejifungua mapacha huko anakoishi, mwendo wa siku mbili kwa basi, na mama alikuwa anahamia huko moja kwa moja. Tiketi ilikuwa ya Jumanne. Fainali ilikuwa Jumamosi. Mama alisema atakuja uwanjani kuaga.

Ijumaa Mashoto alimeza kiburi chake akamfuata kocha tena. Hakudai kucheza mechi nzima. Aliomba zamu moja tu ya kupiga, wakati wowote, hata timu ikiwa imeshashinda au imeshalala. Alieleza habari ya mama, mapacha, basi, na ile ndoo. Ilimgharimu kusema, na alipomaliza masikio yalikuwa yanawaka. Kocha alifungua daftari, akapitisha kidole kwenye safu moja baada ya nyingine kama mtu anayetafuta kweli, halafu akalifunga.

"Hapa hakuna safu ya akina mama," akasema.

Jumamosi ikafika. Wapinzani walikuwa kiwanda cha chupa, na mrushaji wao alikuwa wa kushoto. Mashoto hakungoja kuambiwa. Aliichukua ndoo mwenyewe. Kule safu ya tatu mama alikuwa amefungua mwavuli, na akamnyooshea jirani yake kidole: yule pale, mwenye ndoo.

Mechi ilikuwa ngumu. Shemeji yake kocha alifukuza nyuki mara tatu, akatoka mara tatu, yaani akarudi benchi bila kufika kituo chochote. Hata hivyo walifika zamu ya mwisho wakiwa sare, nne kwa nne, na sabuni ndio waliokuwa wanapiga. Mpigaji mmoja alikuwa ameshatoka. Kwenye kituo cha tatu alikuwa amesimama mlinzi wa geti, mtu mwembamba mwenye mbio za ajabu. Akifika tu nyumbani, pale anaposimama mpigaji, ni pointi ya tano na kombe. Na aliyefuata kupiga alikuwa nani? Shemeji.

Hapo kocha wa chupa akanyoosha mkono kumsimamisha refa. Huyu alikuwa msimamizi wa tanuri huko kwao, mnene, anayetokwa jasho hata kivulini, naye alikuwa na daftari lake, jekundu. Bila shaka alikuwa amesoma kitabu kilekile. Aliona mpigaji ni wa kulia na mrushaji wake ni wa kushoto, akaona hatari. Akamtoa mrushaji wake, akaingiza wa kulia.

Kocha wa sabuni alitabasamu. Alikuwa amelisubiri hilo msimu mzima. Akamtoa shemeji, akamwingiza mpishi wa kantini, mtu wa mkono wa kushoto. Mpishi alijinyoosha, akatema mate, akachukua rungu. Kabla hajafika, kocha wa chupa akamtoa mrushaji wa kulia na kuingiza wa kushoto mwingine. Kocha wetu akamwita mpishi arudi, akamtuma dereva wa lori, wa kulia. Kocha wa chupa akaleta mrushaji wa kulia mwingine.

Refa alikuwa mzee mwenye goti bovu, na kila badiliko lilimlazimu atembee hadi mezani akaandike. Kanuni ya ligi ilikuwa fupi: aliyeandikwa ameingia, na aliyetolewa harudi tena mechi hiyo. Kadi yake ilikuwa imejaa, akawa anaandika pembeni. Robo saa ilikuwa imepita na hakuna mpira hata mmoja uliorushwa, ukiacha ile ya kupasha mkono moto. Mlinzi wa geti alichoka kusimama kituo cha tatu, akaketi juu yake. Watazamaji walianza kuuliza kama ni mapumziko.

Makocha hawakusikia kitu. Walikuwa wanatazamana, wanaume wawili wazima wenye madaftari, na kila mmoja alikuwa anaona anamfunika mwenzake. Kocha wetu alilamba kidole, akafunua ukurasa. Mrushaji wa kulia, basi mpigaji wa kushoto. Akageuka kwenye benchi.

"Mashoto. Ingia."

Mashoto aliweka ndoo chini. Aliokota rungu na kwenda, na njiani alisikia sauti kutoka safu ya tatu, sauti iliyokuwa na uwezo wa kuvuka mitaa miwili.

"Mbona wamempa rungu? Na maji atagawa nani?"

Refa aliandika jina lake kwenye kona ya mwisho ya kadi. Ndipo kocha wa chupa akanyoosha mkono. Akamtoa mrushaji wa kulia na kumwita mtu wake wa mwisho, fundi wa mitambo, jitu refu lenye mkono kama bomba. Mkono wa kushoto.

Kocha wetu aligeuka tena kwenye benchi. Palikuwa na ndoo na kikombe. Alitazama chini ya benchi, sijui alitegemea kukuta nani. Alikwenda kwa refa kuuliza kama yeye mwenyewe anaweza kuingia, akaambiwa hayumo kwenye orodha. Akauliza kama dereva anaweza kurudi, refa akamwonyesha goti lake na kumwambia akimtembeza hadi mezani mara moja zaidi, mechi itaisha bila refa. Kule upande wa pili daftari jekundu lilikuwa linapepea kwa furaha. Wajanja wawili walikuwa wamezungukana hadi wakafika pale ambapo mmoja wao alikesha miezi mitatu asifike: Mashoto, mbele ya mrushaji wa kushoto.

Kocha alimfuata, akamnong'oneza kwa sauti ya msibani. "Usipige. Umenielewa? Simama tu. Pengine atarusha ovyo utapewa kituo bure."

Mashoto alisimama. Mpira wa kwanza ulitokea nyuma ya bega lake, ukapinda, ukapita. Refa akasema moja. Wa pili ulikuja vilevile, ukamkimbia vilevile. Refa akasema mbili. Bado mmoja na ametoka. Mashoto aligeuza shingo kidogo, akamwona kocha amefungua daftari kwenye ukurasa wake, kalamu imeshashushwa, inasubiri. Hakuwa na huzuni hata kidogo. Mtu huyo angepoteza kombe, lakini angekuwa amesema kweli, na kwake hiyo ilikuwa biashara nzuri.

Hasira ilimpanda Mashoto kutoka kwenye nyayo. Akatazama mbele, na jitu likainua mkono.

Mpira wa tatu ulitokea nyuma ya bega, chini kidogo, ukaanza kupinda, na mwili wake ukaujua kabla yeye hajaujua. Ilikuwa kandambili. Ilikuwa imetoka mlangoni pa jiko, inazunguka kona ya kabati, na yeye ana miaka kumi, ana sukari mdomoni na mwiko mkononi. Hakufikiri. Alipiga.

Mlio wake ulisikika hadi maghalani. Mpira ulipanda, ukaenda, ukaenda, na mlinda uwanja wa nyuma wa chupa akakimbia kinyumenyume hadi mgongo ukagonga uzio. Hapo akaruka, akaudaka. Kwa kanuni, mpira ukidakwa kabla ya kugusa chini, aliyepiga ametoka. Lakini kwa kanuni hiyohiyo, ukishadakwa, aliyeko kituoni anaruhusiwa kukimbia, na mlinzi wa geti alikuwa ameshainuka. Kutoka uzioni hadi nyumbani ni mbali. Mpira uliporudi, yeye alikuwa amefika, amepita, na anatafuta maji.

Tano kwa nne. Uwanja ulilipuka. Watu walimbeba mlinzi wa geti, wakambeba na kocha, kwa hesabu zake nzuri. Mashoto alibaki amesimama na rungu, hajui kama ameshinda au ametoka, maana yote mawili yalikuwa kweli.

Waliposhushwa, kocha alikuja akiwa amejaa furaha hadi machoni. Alimpa mkono. Kisha akamweleza kwamba pigo la namna hiyo, la kudakwa huku mwenzako akifika nyumbani, kitaalamu haliandikwi kama kupiga wala kama kukosa. Kwenye safu ni kana kwamba hukusimama pale kabisa. Kwa hiyo, akasema, akimwonyesha ukurasa, pale panabaki vilevile.

Mama alikuwa ameshashuka, mwavuli kwapani. Alimsalimu kocha vizuri, kocha akamwamkia kwa heshima zote. Mama akainamia daftari.

"Hilo duara mbele ya jina la mwanangu ni nini, baba?"

"Sifuri, mama. Tangu nianze kuandika, warushaji wa kushoto hajawapiga."

"Na amewakosa mara ngapi?"

Kocha alifunua ukurasa, akarudisha. "Hajawakosa."

"Haya. Wewe umewahi kula chakula changu?"

"Hapana, mama. Sijabahatika."

"Basi niandike hapo chini," mama akasema, akigonga karatasi kwa kidole cha mkono wa kushoto. "Mimi sijui kupika."

Mpishi wa kantini alikuwa nyuma yao na kikombe cha maji mdomoni; maji yakatokea puani. Dereva alilazimika kukaa chini. Kocha naye alianza kucheka kwa adabu, halafu kicheko kikamkatikia njiani, akaushika ukurasa kwa mikono miwili akiutazama kwa muda mrefu, kama sabuni aliyoipima jana ikatoka sawa na leo imepungua. Kalamu ilikwenda karatasini, ikasita, ikarudi mfukoni.

Jumatatu karatasi mpya, ya kufunga msimu, ilikuwa ubaoni kantini. Mashoto, warushaji wa kushoto: sifuri. Kocha hakuwa mtu wa kuyumbishwa na mama mmoja. Lakini saa nne ya chai mtu alikuwa ameongeza mstari kwa kalamu nyekundu: Mama Mashoto, kupika, sifuri. Hadi mchana mistari ilikuwa imefika chini ya karatasi na kuendelea ukutani. Dereva, kurusha ndege, sifuri. Mlinzi wa geti, kuoga baharini, sifuri. Shemeji mwenyewe alikuwa ameandika, kwa mwandiko mzuri kabisa: Kocha, kukosea, sifuri.

Huo ndio mstari ambao kocha aliufuta kwanza.

Jumanne asubuhi Mashoto alimpandisha mama kwenye basi, akampangia mizigo, akamfungulia dirisha. Mama alimwambia ale vizuri, na afunge mlango wa jiko usiku. Basi lilipowashwa, mwanamke aliyekaa kiti cha jirani aliuliza kama yule kijana ni mwanawe.

"Mwanangu," mama akasema, kwa ile sauti ya kuvuka mitaa miwili. "Anacheza besiboli. Yeye anapiga. Maji anagawa shemeji yake kocha."

Habari ya shemeji kugawa maji alikuwa ameitunga mwenyewe palepale, na Mashoto, aliyekuwa amesimama chini ya dirisha, hakumsahihisha.